Kula Mbele ya Watu

Katika mila zetu kuna neno moja ambalo mtoto hufundishwa mapema, pengine kabla hajajua kunawa mikono vizuri. Neno hilo ni "karibu". Watu wakiwa wamezunguka sahani na mtu akatokea, awe jirani, mpita njia au hata mtu aliyekuja kudai deni lake, hapana budi aambiwe, "Karibu chakula." Naye aliyeambiwa ana njia mbili. Ama atanawa na kukaa, ama atasema, "Asanteni, starehe," na mambo yataendelea. Hakuna anayepima kwanza kama chakula kitatosha. Mama zetu walijua fika kwamba ugali hauongezeki kwa kuangaliwa, lakini neno walilitoa vile vile, na waliokuwa wakisita kulitoa walijulikana mtaa mzima.

Nimelifikiria neno hili kwa muda mrefu, na kilichonifanya nilifikirie ni mambo ya hoteli. Msomaji anajua kwamba kwetu "hoteli" si lazima iwe mahali pa kulala. Hata kibanda chenye benchi moja na jiko la mkaa huitwa hoteli, mradi kinauza chakula. Lakini siku hizi zimezuka hoteli za namna nyingine, zenye bustani, vibanda vya makuti vilivyojengwa kwa ustadi, vitambaa vya meza na bei ya kumfanya mtu asome orodha ya vyakula mara mbili. Ndipo najiuliza: mtu anapokwenda kula mahali pa gharama, mahali ambapo hawezi kumkaribisha anayepita, je, anafanya kosa? Na kama si kosa, kwa nini wengi wetu tukiwa pale tunapenda kukaa mbali na barabara?

Kwanza nieleze hali ilivyo kwetu Mwanga. Hapa ndipo mji wa Kigoma unapofanya biashara yake ya kila siku, juu ya mwinuko, katikati ya stesheni ya reli na Ujiji. Karibu na soko wako mama lishe ambao nimekula kwao miaka mingi. Chakula chenyewe ni kile kile cha mwambao wa Tanganyika: mgebuka aliyekaangwa au aliyeungwa kwa mawese, dagaa, ugali wa muhogo au wa mahindi, kisamvu, ndimu na pilipili. Benchi ni moja, na wote hulikalia. Mpiga debe hukaa pembeni ya karani, na mwenye duka hupakana bega na mchukuzi aliyetoka kupakua magunia. Anayefika akiwakuta mnakula, mnamwambia karibu, ingawa kila mtu atalipia sahani yake. Neno linasemwa hata mahali ambapo chakula kinauzwa! Na wala si upuuzi, kwa maana mara kwa mara nimeona kijana asiye na kitu akisogezewa kipande cha samaki na nusu ya ugali na mtu asiyemfahamu, bila maneno mengi.

Sasa tazama upande wa pili. Mwaka huu rafiki yangu mmoja, mwalimu mstaafu, alipata malipo yake yaliyokuwa yamechelewa, akaniambia, "Mzee mwenzangu, leo tule kama wageni." Tukaenda kwenye moja ya hoteli hizo za bustani, ambayo jina lake halina haja hapa. Kijana mhudumu akaja na kutuamkia, "Shikamooni wazee," tukaitikia marahaba, akatuletea orodha iliyofungwa kwa jalada la ngozi. Nilipoifungua nikakutana na mgebuka wa mawese kwa shilingi 25,000. Kwa mama lishe wangu, mgebuka pamoja na ugali na mboga ni shilingi 3,000. Rafiki yangu akaagiza huyo mgebuka na bia baridi. Mimi nikaagiza mgebuka na maji ya ukwaju.

Chakula kilikuwa kizuri, na haki lazima isemwe. Samaki alikuwa freshi, mawese hayakuungua, kachumbari imekatwa vyembamba, sahani ina moto. Nikamwuliza yule kijana kama naye hula chakula hicho. Akacheka kwa adabu, akasema, "Hapa hapana, mzee. Ila nyumbani mama anakipika kuliko hivi." Tukacheka sote watatu.

Meza yetu ilikuwa karibu na ua wa miti upande wa barabara. Tulipokuwa katikati ya kula, mama mmoja akapita na sinia la karanga kichwani, macho yake yakakutana na ya rafiki yangu. Kwa mazoea ya miaka sabini, mwalimu akasema, "Mama, karibu chakula." Yule mama akasimama kidogo, akatabasamu, akajibu, "Asante baba, starehe." Kabla hajamaliza, mlinzi wa getini alikwisha kumpungia mkono asogee mbele, asisimame pale. Akaenda zake. Rafiki yangu akaweka tonge chini, akaniuliza, "Hivi nimesema uongo?"

Nilishindwa kumjibu pale pale. Makala haya ni jibu langu kwake.

Wako watakaosema kwamba swali halikuwa la neno bali la samaki. Watasema kosa lilikuwa kulipa shilingi 25,000 kwa kitu cha shilingi 3,000 wakati wapo wasio na hizo 3,000. Hoja hii ina watetezi wakubwa. Mwaka 1972 mwanafalsafa wa Australia, Peter Singer, alichapisha makala iliyopata umaarufu mkubwa, akiandika kwa sababu ya wakimbizi wa Bengali ya Mashariki waliokuwa wakiteseka mwaka 1971. Alitoa mfano wa mtoto anayezama katika kidimbwi. Mtu anayepita akiogopa kuchafua nguo zake asimwokoe, sote tutamlaani. Basi, akauliza Singer, kuna tofauti gani kati ya mtoto huyo na yule anayekufa kwa njaa mbali, ambaye fedha zetu za anasa zingemwokoa? Umbali si udhuru.

Kwa mtu wa Kigoma hoja hii haihitaji kidimbwi cha mfano. Sisi tumewapokea Warundi mwaka 1972 na tena mwaka 1993, na Wakongomani waliovuka ziwa mwaka 1996, ndipo kambi ya Nyarugusu ikaanzishwa wilayani Kasulu. Mwaka 2015 Warundi walijazana katika kijiji cha Kagunga ufukweni, na meli kongwe ya Liemba ikawa miongoni mwa vyombo vilivyowaleta mjini, wakahifadhiwa kwa muda katika Uwanja wa Lake Tanganyika. Mwenye njaa hajawahi kuwa mbali nasi.

Hata hivyo, hoja ya Singer ikichukuliwa yote inakula hata sahani ya mama lishe, kwa kuwa yupo daima mtu ambaye hata shilingi 3,000 zingemfaa zaidi kuliko mimi. Mtu hawezi kuishi kwa hesabu hiyo, na nina shaka kama anapaswa. Mwalimu alifundisha watoto wa watu kwa zaidi ya miaka thelathini. Kumwambia leo kwamba mgebuka mmoja wa sherehe ni dhambi, naona ni ukali usio na uadilifu. Sherehe nayo ni haki ya binadamu, hata maskini huchinja kuku siku ya siku.

Tena yako ya kusemwa kwa upande wa hoteli yenyewe. Kulipa kuna heshima yake. Anayekula kwa mtu hubaki na deni la fadhila, na aliyelipa huondoka bila kumshukuru mtu kwa kuinama. Vijana kadhaa wanapata mishahara pale, mvuvi anauza samaki wake, na mwenye shamba la michikichi anauza mawese. Isitoshe, wenye umri wetu hatuwezi kusahau kwamba wakati wa ukoloni hoteli kubwa zilikuwa za Wazungu, Mwafrika akiingia mle ni kwa mlango wa nyuma, kwenda jikoni. Hata pombe iligawanywa kwa rangi. Mkataba wa Saint-Germain wa mwaka 1919 ulizuia pombe kali za biashara zisiletwe kwa ajili ya Waafrika, na Mwafrika aliachiwa kilabu cha pombe ya kienyeji. Kwa hiyo mwalimu mstaafu anapoketi bustanini, akaamkiwa na kuhudumiwa kwa fedha zake mwenyewe, kuna ushindi ndani yake ambao sitaki kuudharau.

Lakini ushindi huo una kasoro yake, na si kwetu tu. Huko Uingereza kilabu cha kijiji au cha mtaa kilikuwa mahali pa watu wa kazi kunywa bia na kuzungumza. Mwaka 1991 watu wawili, Michael Belben na David Eyre, walichukua kilabu cha zamani mjini London kiitwacho The Eagle, wakaanza kupika humo chakula kizuri kuliko vilivyozoea vilabu. Jambo lenyewe lilikuwa jema, na wengi wakaliiga hadi vijijini. Ila mahali pengi bei ilipopanda, wazee wa pale waliokuwa na viti vyao karibu na kaunta wakajikuta wanachungulia dirishani. Ukuta wa rangi ulijengwa kwa sheria, na ukuta wa bei hujengwa bila mtu kutia saini popote, kwa hiyo hakuna wa kumlalamikia.

Wengine watasema, basi turudi zamani, wakati chakula hakikuuzwa na mgeni alilishwa tu. Mimi naishi karibu na Ujiji, na Ujiji ina habari ya jambo hili. Henry Morton Stanley alipofika pale Novemba 1871 na kumkuta Dk. Livingstone, hawakwenda hotelini. Stanley mwenyewe amesimulia jinsi sahani zilivyofuatana kutoka kwa majirani. Sayd bin Majid alileta mikate ya moto ya nyama iliyokatwakatwa, Mohammed bin Sali akaleta mchuzi wa kuku, na Mwinyi Kheri akaleta wali na nyama ya mbuzi. Stanley naye akatoa chupa ya shampeni aliyoichukua safari yote kutoka pwani, pamoja na vikombe vya fedha, wakanywa. Wala ukarimu huo haukuwa wa siku moja. Wiki chache kabla, Livingstone alirudi Ujiji akakuta bidhaa zake zimeuzwa na mtu aliyekabidhiwa, akawa hana kitu, na Sayd bin Majid huyo huyo akajitolea kuuza pembe zake ili ampatie mali ya kutumia.

Ni habari ya kutia moyo, na ningependa niishie hapo. Lakini Ujiji ya mwaka 1871 ilikuwa mji wa biashara ya pembe na ya watumwa. Wali ule ulipikwa na mtu, na kuni zililetwa na mtu. Walikuwapo watu waliokaa karibu kabisa na sahani zile kuliko yule mama alivyokuwa karibu na meza yetu, ambao hakuna aliyewaambia karibu, na kama wangeambiwa, hawakuwa na uhuru wa kujibu starehe. Kwa hiyo zamani nayo ilikuwa na ua wake.

Maneno haya ya mwisho ndiyo yaliyonifungulia swali la mwalimu. Hebu tuitazame tena ile mila. Tunadhani thamani ya "karibu" iko katika chakula kinachotolewa, lakini mara nyingi anayekaribishwa hali. Husema starehe, akapita. Ingekuwa thamani ni chakula, mila hii ingekuwa unafiki mtupu, na wapo wageni wanaoiona hivyo. Ukweli ni kwamba mila ina watendaji wawili. Mwenyeji anampa anayepita nafasi ya kula, naye anayepita, akiona sufuria ni ndogo, anamsitiri mwenyeji kwa kukataa. Kila mmoja anampa mwenzake kitu. Maskini asiye na senti anaweza kumpa tajiri kitu, kwa kusema tu "starehe" mahali ambapo angeweza kukaa akala. Lakini ili awe ametoa, ni lazima awe angeweza kukaa.

Hapo ndipo palipo na tatizo la hoteli yetu. Yule mama alijibu kwa adabu kamili, lakini kukataa kwake hakukuwa kwake. Kulikuwa kumekwisha kufanywa na ua, na bei, na mkono wa mlinzi. Sidhani kama hoteli ilimnyima samaki, huenda nyumbani kwake alikuwa na mgebuka kama alivyosema kijana mhudumu. Ilimnyima ile heshima ya kuwa mtu ambaye jibu lake lina uzito. Nami naona hilo ni kubwa kuliko samaki.

Kuna hadithi katika Injili ya Luka juu ya tajiri na Lazaro aliyelala mlangoni pake. Tunapoisimulia hudhani kwamba tajiri hakumwona yule maskini. Ukiisoma kwa makini utaona kwamba baada ya kufa, tajiri anaomba Lazaro atumwe kumletea maji, na anamtaja kwa jina. Alikuwa anamjua! Alimjua siku zote, na hata katika mateso anamfikiria kama wa kutumwa. Waislamu wa Ujiji nao hufundishwa kwamba hajakamilika imani mtu anayeshiba na jirani yake ubavuni ana njaa. Mafundisho yote mawili hayasemi juu ya bei ya chakula. Yanasema juu ya jirani, mlango na ubavu, yaani juu ya nani yuko mahali ambapo sauti yako inamfikia.

Basi jibu langu kwa mwalimu ni kwamba hakusema uongo, ila alisema ahadi. "Karibu" inayosemwa mahali ambapo haiwezi kuitikiwa si ya bure, bali ni deni linalolipwa mahali pengine. Mtu ambaye nyumbani kwake, au pale bencini sokoni, akisema karibu na mwenzake akanawa, wote wanakula, huyo hata akiisema nyuma ya ua ametamka kitu ambacho yeye anacho. Mtu ambaye hana mahali popote pa kulifanya neno hilo liwe kweli, huyo ndiye mwongo, hata kama hajawahi kuingia hotelini.

Kwa hiyo hatari ya hoteli nzuri siioni katika kwenda huko. Naiona katika kuuzoea ua. Anayekula nyuma yake kila siku huja akaona kwamba ua ni sehemu ya ulimwengu, kama milima ya Kongo ng'ambo ya ziwa. Nitoe mfano. Mwaka 2024 uvuvi ulisimamishwa katika ziwa letu lote kwa makubaliano ya nchi nne, kuanzia tarehe 15 Mei hadi 15 Agosti, ili samaki wapate kuzaliana. Nadhani ilikuwa hatua ya busara. Lakini mwenye orodha ya vyakula mkononi, samaki asipopatikana, hushusha kidole mstari mmoja akaagiza kuku. Mvuvi wa Kibirizi na mama mwanika dagaa hawana mstari wa pili. Aliyekaa benchi la mama lishe miezi ile alisikia mazungumzo, akajua ni nani anahangaika. Aliyekaa bustanini alijua tu kwamba leo hakuna mgebuka. Upweke wa namna hiyo ndio unaouzwa pamoja na kitambaa cha meza, na mnunuzi mara nyingi hajui kwamba ameulipia.

Wapo watakaoona nataka kuzifanya hoteli zote ziwe vibanda, au nataka mlinzi amfungulie kila mpita njia. La hasha. Biashara ina masharti yake, na mwenye hoteli ana mikopo ya kulipa. Ninachosema kinamhusu mlaji. Akale, afurahi, alipe bila kunung'unika, amwamkie anayemhudumia kama mtoto wa jirani, maana ndiye. Kisha mara nyingine arudi kwenye benchi, asije akalisahau. Na nyumbani sufuria yake iwe na nafasi ya mtu mmoja zaidi, ili siku mtu atakapoacha kusema starehe, akanawa mikono, pasiwe na fadhaa.

Mwalimu nilimweleza haya wiki iliyofuata. Alinisikiliza hadi mwisho, kama alivyokuwa akiwasikiliza wanafunzi wake, kisha akaniuliza jambo ambalo mimi bado sijalitatua, nami namwachia msomaji. Akasema, "Sawa, deni nitalilipa. Lakini nitamlipa mwingine. Yule mama wa karanga je?"